Filamu ya infraredi studioni: anza na taa

Roli yangu ya kwanza ya infraredi niliipiga studioni chini ya paneli mbili za LED. Ilipotoka kwenye dawa ilikuwa nyeupe kama kioo cha dirisha: fremu 36, hata kivuli hakuna. Nikamlaumu aliyeniuzia filamu, nikailaumu dawa, kumbe mkosaji alikuwa juu ya stendi ya taa.

Jicho letu huishia karibu nanomita 700, kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga; mwanga ulio juu ya hapo, tusiouona, ndio infraredi. Rollei Infrared 400, ambayo ndiyo ninayoitumia, huona hadi 820 hivi, na filta ya R72 huzuia karibu kila kitu kilicho chini ya 720. Basi picha nzima inapita kwenye upenyo wa nanomita mia moja tu. Taa za LED na za tyubu hazitoi karibu chochote hapo, hata zikikuumiza macho. Unachohitaji ni halojeni, zile taa za zamani zinazokuunguza vidole, au flashi ya studio, maana gesi ya zenoni hutoa infraredi kwa wingi. (Na kabla hujaniuliza: hapana, filamu hii haioni joto la mwili. Mtu akikaa gizani, haonekani.) Filamu nyingine, Ilford SFX 200, nayo huishia 740 hivi, kwa hiyo ukiivalisha R72 umebakiwa na uchochoro. Mimi huipiga kwa filta nyekundu ya kawaida na sitarajii maajabu.

Filamu iingize kwenye kamera gizani kabisa. Plastiki yake ni angavu na hupitisha mwanga kuanzia kwenye ulimi ulio nje ya kopo hadi ndani, ukaharibu fremu za mwanzo.

Sasa mwanga. Mita ya mwanga haijui lolote kuhusu infraredi, kwa hiyo huwa naipima kama filamu ya 400 bila filta, kisha naongeza stopu tano (kila stopu ni mwanga mara mbili). Tuseme kwa flashi mita imenipa upenyo wa lenzi wa f/11. Stopu tano kutoka hapo ni f/2, na kwa f/2 pua ikiwa kali masikio yamepotea. Ninachofanya ni kufungua hadi f/4, yaani stopu tatu, kisha nazima taa zote, naacha shata wazi kwenye B, hali ya kuiacha wazi muda wowote nitakao, na kulipua flashi mara nne. Milipuko miwili ni stopu moja, minne ni mbili. Jumla tano. Kwa chupa, maua au viatu mbinu hii haina taabu. Kwa mtu, mwambie aegemeze kichwa kwenye kitu, asipumue kwa nguvu, na usubiri flashi ijae kila mara. Roli ya kwanza itoe sadaka: piga kitu kimoja kwa stopu tatu, nne, tano, sita na saba, uandike kila moja kwenye daftari. Namba zangu ni za taa zangu.

Fokasi fanya kabla ya kufunga filta, kwa sababu R72 ni nyeusi tii, huoni kitu. Infraredi hukutana nyuma kidogo ya mahali mwanga wa kawaida unapokutana. Lenzi nyingi za zamani zina alama ndogo nyekundu pembeni ya mstari wa fokasi. Ukishapata ukali, sogeza umbali uliousoma uje kwenye alama hiyo. Kamera iwe kwenye miguu mitatu muda wote, vinginevyo unajidanganya.

Kitu kilichonitesa kuliko vyote ni nguo. Nilitundika kitambaa cheusi nyuma ya mtu aliyevaa koti jeusi, nikatarajia uso uelee gizani. Kwenye picha iliyochapwa koti lilikuwa la kijivu hafifu, na kitambaa cha nyuma, ambacho kilikuwa cha nailoni, kimekuwa karibu cheupe. Rangi nyingi za vitambaa ni nyeusi kwa macho yetu tu. Tangu siku hiyo kila kitambaa nakipitisha mbele ya kamera ya ulinzi ikiwa kwenye hali ya usiku. Inatumia taa za infraredi, kwa hiyo kikiwa cheupe kwenye skrini, kwenye filamu nacho hakitakuwa cheusi.

Ngozi nayo ina mambo yake. Infraredi huingia ndani kidogo kabla ya kurudi, ndiyo maana uso hutoka laini kama maziwa na madoa madogo hupotea. Midomo hupauka, rangi ya mdomo nyekundu hutoweka kabisa. Lakini mishipa ya damu hujitokeza kwenye mikono na shingoni, na mwanamume aliyenyoa asubuhi ataonekana ana ndevu, kwa kuwa mashina yaliyo chini ya ngozi yanaonekana. Mwambie mapema. Mimi sikumwambia mmoja, akadhani nimemchorea.

Ule ung'avu unaovuja pembeni mwa vitu vyeupe, kama kwenye picha za zamani, usiutafute hapa. Ulikuwa wa Kodak HIE, filamu ya infraredi ya zamani isiyokuwa na tabaka la kuzuia mwanga kurudi kutoka nyuma ya filamu, na uzalishaji wake ulikoma mwaka 2007.

Kusafisha ni kama filamu yoyote nyeusi na nyeupe. Ikikauka, tazama kwanza zile fremu tano za majaribio dhidi ya dirisha. Iliyo na kitu vivulini ndiyo namba yako ya roli ya pili.