Jinsi ya kuandaa kumbukumbu ya babu aliyekuwa nevi (jeshi la majini)

Babu yetu alipofariki mimi ndo nilipewa kazi ya wasifu manake eti ndo nimesoma, basi nikaandika vile tunaandikaga wote, alikuwa mcha Mungu, mpenda watu, aliitumikia nchi yake, watu wakaitikia amin wakarudi kwa kahawa. Halafu akasimama mzee mmoja na mkongojo wake, katoka Mtongwe kule Mombasa, akaomba maiki akasema huyu sisi tulikuwa twamwita Serahangi, yaani mkubwa wa mabaharia, alikuwa hawezi kulala kama kuna kamba haijakunjwa. Nyumba nzima ikacheka, nyanya akalia. Kwa hiyo kama una hitma ya arobaini inakuja, au mwaka unatimia, usirudie kosa langu.

Anza na wazee wenzake. Picha ziko kabatini haziendi popote, wazee wanaenda. Usiulize "babu alikuwa mtu wa aina gani", utapewa hotuba. Uliza walikuwa wakilala wapi melini, chai ilikuwa vipi, nani alikuwa akitapika bahari ikichafuka, nani alikuwa na deni la nani. Mwaka hawakumbuki, sawa, uliza ilikuwa msimu wa upepo wa kusi au kaskazi, hapo utashangaa vile mambo yanafunguka. Rekodi na simu (omba ruhusa kwanza) lakini ilaze kifudifudi mezani, mzee akiona kioo kinawaka anaanza kuongea kama yuko redioni.

Halafu pima miaka, manake sisi familia tunatia chumvi. Kenya Navy ilianzishwa Desemba 1964, makao Mtongwe, na boti zake za kwanza za doria, KNS Simba, Chui na Ndovu, ni za 1966. Sasa ami yangu aliapa babu alipanda Simba 1963! Nikanyamaza tu, heshima, lakini kwa wasifu sikuiweka. Kama mzee wenu alianza kabla ya hapo, basi pengine alikuwa ile Royal East African Navy ya Mwingereza iliyovunjwa 1962, ambayo ilikuwa ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar pamoja, ndo maana waweza kukuta mzee wa Tanga ana hadithi zote za Kilindini, bandari ya Mombasa.

Sanduku lake la bati fungua mbele ya nyanya, sio kwa siri, mambo ya urithi hayo yanaleta maneno. La kwetu lilinuka naftalini, ndani kuna kofia nyeupe imegeuka rangi ya chai, medali mbili na karatasi zake za kustaafu. Medali usizisugue na dawa ya shaba, maandishi yanaliwa pole pole, futa na kitambaa kikavu uziweke mbali na huu unyevu wetu wa pwani. Picha piga na simu karibu na dirisha bila flashi, majina andika nyuma na penseli laini, wino unapenya. Namba yake ya jeshi iandike mahali salama, majina yanafanana sana, lakini tafadhali usiipost Facebook pamoja na kitambulisho chake, matapeli hawajui matanga.

Siku yenyewe dua kwanza, wasifu dakika tano basi, pilau isipoe. Wenzetu Wakristo kwenye ibada yenu hivyo hivyo. Tulipofika mwaka mimi sikuandika hata karatasi, niliweka kipande cha kamba kwenye sinia katikati ya jamvi nikamwambia yule mzee wa mkongojo, babu, hebu tuonyeshe. Akaichukua bila hata kuitazama, vidole vikawa vinafunga na kufungua vyenyewe, yeye analalamikia bei ya unga, na wajukuu wote wamemkaribia wanaangalia mikono.