Salamu za Sikukuu za Kikristo Katika Kampuni: Namna ya Kuamua na Namna ya Kuzitoa

Swali la iwapo kampuni itoe hadharani salamu za Krismasi au Pasaka huibuka mara nyingi siku mbili kabla ya sikukuu yenyewe, wakati msanifu wa mabango anapouliza aandike nini na hakuna mkubwa aliye tayari kumjibu. Hapo ndipo huzaliwa bango la haraka, lisilomfurahisha Mkristo wala asiye Mkristo. Mwongozo huu ni kwa wanaobeba jukumu hilo: wasimamizi wa mawasiliano, maofisa rasilimali watu na wakurugenzi wa kampuni kubwa kwa ndogo. Msimamo wangu niuseme mapema. Kampuni inaweza kuzitambua sikukuu za Kikristo hadharani bila kumvunjia mtu heshima, mradi salamu zake zianzie kwenye ratiba ya zamu ndipo zifike kwenye bango.

Kuamua mapema, tena kwa maandishi

Uamuzi huu usiachwe mikononi mwa yeyote atakayekuwa zamu kwenye mitandao ya kijamii siku hiyo. Uongozi ukae mara moja, katika mwezi usio na sikukuu kubwa, uandike ukurasa mmoja unaoeleza ni sikukuu zipi zitatajwa, nani ataidhinisha maneno, na kwa kigezo gani sikukuu inaingia au kutoka kwenye orodha. Jambo hilo la mwisho ndilo husahauliwa, na ndilo atakaloliuliza kwanza mteja mwenye hasira.

Kampuni pia ijitambue. Zipo zilizojengwa juu ya imani ya waanzilishi wake na wala hazifichi: migahawa ya Chick-fil-A ya Marekani imekuwa ikifungwa kila Jumapili tangu 1946, na mteja anayekuta mlango umefungwa siku hiyo hana cha kushangaa. Kampuni ya namna hiyo husema kwa nafsi ya kwanza kwamba inaadhimisha. Kampuni nyingi, hata hivyo, hazina imani moja ya pamoja. Kampuni haibatizwi wala haifungi Kwaresima, na inapotangaza kwamba Kristo amefufuka inawasemea watu ambao hawakuituma. Kwa kampuni hizo kauli ifaayo ni kuwatakia heri wale wanaoadhimisha, na tofauti hiyo ndogo ya kisarufi, kati ya "tunaadhimisha" na "tunawatakia wanaoadhimisha", imebeba sehemu kubwa ya suala lote hili. Taasisi ya umma, hasa katika nchi ambazo katiba imetenganisha dola na dini, imsikilize mwanasheria wake kabla ya kusoma zaidi.

Ratiba ya zamu kwanza

Mfanyakazi anayesoma "Heri ya Pasaka" kwenye ukurasa wa mwajiri wake huku yeye yuko kazini asubuhi ya Pasaka, baada ya ombi lake la kubadilishana zamu kukataliwa bila maelezo, haoni salamu hapo, anaona kejeli. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya idara ya rasilimali watu. Wiki sita au nane kabla ya sikukuu, idara iwaalike wafanyakazi wa dini zote kuomba likizo au kubadilishana zamu, iweke utaratibu wa wazi wa kugawa nafasi pale maombi yanapozidi uwezo, na imjibu kwa maandishi kila aliyekataliwa, ikitaja sababu. Mahali ambapo kazi haiwezi kusimama, kama hospitalini, kwenye umeme au usafiri, zamu za sikukuu zizunguke mwaka hadi mwaka, ili aliyefanya kazi Krismasi hii asipangiwe ijayo.

Sheria nayo ina neno. Nchini Marekani, Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964 inamtaka mwajiri azingatie mahitaji ya kidini ya mfanyakazi isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kunaitaabisha biashara kupita kiasi. Kwa miaka mingi, tangu uamuzi wa mwaka 1977, mahakama zililielewa sharti hilo kwa namna iliyowaruhusu waajiri kukataa kwa sababu ya gharama ndogo tu. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika shauri la Groff dhidi ya DeJoy lililomhusu mfanyakazi wa posta ambaye imani yake ilimzuia kufanya kazi Jumapili, ilieleza kwamba mwajiri sharti aoneshe mzigo mkubwa ukilinganishwa na hali nzima ya biashara yake. Kampuni inayotuma salamu za sikukuu huku ikikataa maombi ya aina hiyo bila kuyapima inajiwekea ushahidi dhidi yake yenyewe.

Upande wa pili wa jambo hili unaonekana Austria. Huko Ijumaa Kuu ilikuwa siku ya mapumziko yenye malipo kwa waumini wa makanisa machache tu, wakiwamo Waprotestanti na Wakatoliki wa Kale (kanisa lililojitenga na Roma), na waliolazimika kufanya kazi siku hiyo walilipwa nyongeza. Mfanyakazi mmoja asiye wa makanisa hayo alidai malipo yaleyale, na tarehe 22 Januari 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua kwamba mpango huo ulikuwa wa kibaguzi. Austria ikaifuta sikukuu hiyo maalumu na badala yake kumpa kila mfanyakazi haki ya kuchagua siku moja ya likizo yake ya mwaka kuwa siku yake binafsi. Waprotestanti wengi hawakuridhika, kwa kuwa walichopoteza kilikuwa siku ya ziada na walichopewa kilikuwa siku waliyokuwa nayo tayari. Funzo kwa mwajiri ni kuepuka kugawa mapumziko kwa kuangalia cheti cha ubatizo. Atenge idadi sawa ya siku kwa kila mtu, kisha kila mtu aziweke pale imani yake inapomwelekeza.

Kuijua kalenda

Makosa mengi ya hadharani hutokana na kutoijua kalenda, wala si chuki. Krismasi haisumbui sana kwa sababu tarehe yake haihami, ingawa hata hiyo si moja kwa Wakristo wote. Makanisa ya Kiorthodoksi yanayofuata kalenda ya Julius, kama ya Urusi na Serbia, huadhimisha tarehe 7 Januari, kwa kuwa kalenda hiyo ya zamani sasa iko nyuma ya kalenda ya kawaida kwa siku 13. Waorthodoksi wa Ugiriki na Romania husherehekea 25 Desemba pamoja na Wakatoliki na Waprotestanti, na Kanisa la Kitume la Armenia huunganisha Kuzaliwa na Tokeo la Bwana tarehe 6 Januari. Ukraine ilibadili sheria yake mwaka 2023 ili mapumziko ya Krismasi yawe 25 Desemba. Kampuni yenye wateja katika nchi hizo haina udhuru wa kutuma salamu za Desemba kwa kila mtu na kunyamaza Januari.

Pasaka huhama kila mwaka. Kwa Wakristo wa Magharibi ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kikanisa (unaohesabiwa kwa majedwali ya kanisa) unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake, hivyo haiwezi kutangulia 22 Machi wala kuvuka 25 Aprili. Waorthodoksi hutumia hesabu ya kalenda ya zamani, na kwa hiyo mwaka 2024 wa Magharibi walisherehekea 31 Machi na wao 5 Mei, ilhali mwaka 2025 wote walikutana tarehe 20 Aprili.

Linalohitaji uangalifu kuliko yote ni Ijumaa Kuu. Ni siku ya kukumbuka mateso na kifo. Wakatoliki hufunga, na katika makanisa mengi altare huachwa tupu bila mapambo. Niliwahi kuliona bango la kampuni moja, ambayo sitaitaja, likitangaza "Furahia Ijumaa Kuu" juu ya picha ya fataki. Aliyelitunga hakuwa na nia mbaya. Alijua tu kwamba ni siku ya mapumziko. Siku hiyo, na vivyo hivyo Jumatano ya Majivu, kampuni inyamaze au iandike sentensi moja tulivu isiyo na mapambo. Pentekoste, Kupaa kwa Bwana na Watakatifu Wote zinatosha kutajwa katika kalenda ya ndani ya kampuni ili mikutano isipangwe juu yake.

Kuitaja sikukuu kwa jina lake

Kuna njia mbili za heshima, kuitaja sikukuu au kunyamaza. Ya tatu, ya kuitumia sikukuu kibiashara huku jina lake likifichwa, ndiyo iliyowaingiza wengi matatani. Mwaka 2017 nchini Uingereza, shughuli ya watoto ya kutafuta mayai ya chokoleti yaliyofichwa, iliyodhaminiwa na Cadbury, watengenezaji wa chokoleti, pamoja na shirika la kuhifadhi urithi la National Trust, ilitangazwa kwa jina jipya ambalo neno Pasaka halikuwamo. Askofu Mkuu wa York alilalamika, Waziri Mkuu Theresa May naye akalalamika, na wahusika wakabaki kueleza kwamba neno hilo lilikuwapo kwingine kote kwenye matangazo yao. Maelezo hayo hayakumtuliza mtu, kwa sababu mayai yalikuwa ya Pasaka, msimu ulikuwa wa Pasaka, na fedha zilikuwa za Pasaka.

Simaanishi kwamba kila lawama ni ya haki. Starbucks, kampuni ya Marekani ya migahawa ya kahawa, ilipotoa mwaka 2015 vikombe vyekundu visivyo na michoro ya msimu, baadhi ya watu waliishutumu kwamba inaipiga vita Krismasi, ingawa michoro iliyoondolewa haikuwa na hori wala malaika tangu hapo. Kampuni iliyo na ukurasa wake wa sera hustahimili kelele za aina hiyo kwa urahisi zaidi, maana ina la kuonesha.

Maneno na picha

Salamu ziwe fupi. Kwa Krismasi inatosha kuandika: "Tunawatakia wafanyakazi na wateja wetu wanaoadhimisha kuzaliwa kwa Yesu Kristo Krismasi yenye amani. Ofisi zetu zitafunguliwa tena tarehe 27 Desemba." Sentensi ya pili ina thamani kuliko inavyoonekana, kwani humpa kila msomaji, wa dini yoyote, habari anayoihitaji. Kwa Ijumaa Kuu: "Tunawakumbuka wote wanaoadhimisha Ijumaa Kuu leo. Huduma za dharura zinaendelea." Mistari ya Biblia, majina ya ibada na mafundisho yaachiwe makanisa, kwa sababu kampuni inayonukuu Maandiko italazimika siku moja kueleza kwa nini ilinukuu huu ikauacha ule.

Punguzo la bei lisiwekwe katika ujumbe mmoja na salamu. Kuuza msimu wa sikukuu si kosa, ila tangazo la biashara lisimame peke yake, siku nyingine, bila msalaba wala hori. Katika picha, mshumaa, nyota au maua hutosha. Bidhaa isiwekwe kamwe mahali pa kitu kitakatifu: mwaka 2017 Greggs, kampuni ya Uingereza inayouza mikate na vitafunio, iliomba radhi baada ya picha ya kalenda yake ya Majilio (kipindi cha kuingojea Krismasi) kuonesha soseji iliyoviringwa kwa unga imelazwa horini mahali pa mtoto Yesu. Rasimu isomwe na Wakristo wawili wa madhehebu tofauti pamoja na mtu mmoja asiye Mkristo, kwa hiari yao. Dakika kumi zinatosha.

Dini nyingine, na wasiosherehekea

Kampuni inayotuma salamu za Krismasi itaulizwa kuhusu Idi, Diwali na Pasaka ya Kiyahudi, na swali hilo ni la haki. Jibu halihitaji idadi sawa ya mabango. Linahitaji kigezo kimoja kinachotumika kwa wote. Kigezo ninachokipendelea ni hiki: sikukuu itajwe hadharani ikiwa wamo miongoni mwa wafanyakazi au wateja watu wanaoiadhimisha kwa idadi ya kuonekana, na ikiwa kampuni imeshaipangia ratiba ya likizo. Misimu hugongana pia. Tarehe 15 Aprili 2022 Ijumaa Kuu iliangukia ndani ya Ramadhani, na jioni hiyohiyo Pasaka ya Kiyahudi ikaanza. Katika siku kama hiyo, ujumbe mmoja unaozitaja zote tatu kwa majina yake ni afadhali kuliko "heri ya msimu" isiyomlenga mtu.

Ikumbukwe pia kwamba si kila Mkristo husherehekea. Mashahidi wa Yehova hawaadhimishi Krismasi wala Pasaka, na Ukristo wenyewe umewahi kuwa na walioipinga Krismasi kwa nguvu: Bunge la Uingereza liliipiga marufuku mwaka 1647, na koloni la Massachusetts liliwatoza faini walioiadhimisha kati ya 1659 na 1681. Hivyo sherehe ya ofisini iwe ya hiari kweli. Asiyehudhuria asiulizwe sababu, na kadi ya pamoja isizungushwe kwa namna inayomlazimu mtu kutia saini.

Malalamiko yakija

Yatakuja, na mara nyingi kutoka pande mbili kwa wakati mmoja. Majibu mawili yaandaliwe kabla ya kuchapisha. La kwanza ni kwa anayeuliza kwa nini sikukuu imetajwa, la pili kwa anayeuliza kwa nini yake haikutajwa, na yote mawili yaelekeze kwenye kigezo kilichoandikwa. Ujumbe usifutwe kwa sababu tu umekosolewa, kwani kuufuta huwaudhi waliosalimiwa bila kuwaridhisha waliolalamika. Radhi iombwe panapokuwa na kosa halisi, kama tarehe isiyo sahihi au picha ya dharau, tena kwa kulitaja kosa lenyewe badala ya kusikitika kwa ajili ya "yeyote aliyekwazika".

Wiki inayofuata sikukuu, maofisa wa mawasiliano na wa rasilimali watu wakae pamoja, wayasome majibu ya hadhara kando ya orodha ya maombi ya likizo yaliyokataliwa, na kuirekebisha ratiba ya mwaka unaofuata. Pasaka ya mwaka 2027 ni 28 Machi kwa Wakristo wa Magharibi na 2 Mei kwa Waorthodoksi. Tarehe zote mbili ziingizwe kwenye kalenda ya zamu kabla kikao hakijafungwa.