Jinsi ya kufuga Cyprichromis, samaki wa kundi wa Ziwa Tanganyika

Cyprichromis leptosoma ana umbo la dagaa, lakini ukoo wake ni wa sato na perege. Kwao ni Ziwa Tanganyika tu, kwenye maji ya wazi mbele ya miamba, ambako huogelea makundi kwa makundi wakidona vijidudu vinavyoelea. Dume hufika kama sentimita 10, na mkia wake huwa wa njano au wa buluu. Nimewafuga Dar es Salaam kwa miaka kadhaa. Wengi waliofia mikononi mwangu hawakuuawa na njaa wala ugonjwa. Waliuawa na hofu. Ndiyo maana karibu kila hatua hapa chini inalenga kuwatuliza.

Hatua ya 1: Tangi

Tafuta tangi refu. Langu lina sentimita 150 kwa 50 kwa 60, yaani lita 450. Maji hayo peke yake ni kilo 450, kwa hiyo tengeneza meza ya chuma. Liweke mbali na mlango, kisha bandika karatasi nyeusi nyuma na ubavuni. Tandaza mchanga laini, panga mawe upande wa nyuma, katikati paache wazi.

Kifuniko ni lazima. Samaki hawa wakishtuka huruka, na tundu la kupitishia bomba la filta linawatosha kutokea. Mimi natumia fremu ya wavu badala ya kioo, kwa sababu Dar hita haina kazi. Shida ni joto kupanda. Feni ndogo ikipuliza juu ya wavu, maji hupoa. Lenga nyuzi 24 hadi 26.

Hatua ya 2: Maji

Maji ya Tanganyika ni magumu, yaani yana madini mengi, na pH yake (kipimo cha asidi; 7 ni katikati) inakaribia 9. Nyumbani, 8.3 hadi 9 inafaa. Weka ndani ya filta mfuko wa maganda ya konokono wa baharini yaliyosagwa, yale yanayochanganywa kwenye chakula cha kuku, lakini yawe matupu, yasiwe na dawa. Yatazuia pH isishuke.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, na kadiri pH inavyopanda ndivyo amonia inavyozidi kuwa sumu. Kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 8, sehemu yenye sumu ni kama asilimia 5; pH ikifika 9, ni zaidi ya theluthi. Kiasi ambacho samaki wa maji laini angekivumilia kitawaua hawa. Basi washa filta, tia chembe za chakula kila siku, na usubiri wiki nne hadi sita bila samaki ili bakteria wanaoivunja amonia wakue. Pima. Amonia na naitraiti (sumu nyingine inayotokana na amonia) zikisoma sifuri siku kadhaa mfululizo, uko tayari.

Hatua ya 3: Kundi

Nunua 12 au zaidi kwa mkupuo mmoja. Mimi nilianza na watano. Walijibanza kwenye kona, wakakataa kula, na ndani ya mwezi nikabaki na mmoja. Samaki huyu hutulia anapowaona wenzake wametulia.

Chagua wadogo wa sentimita nne au tano, wote wa asili moja, yaani kutoka sehemu moja ya ziwa. Usichanganye wa Utinta na wa Kigoma, maana watazaliana na rangi za asili zitapotea.

Hatua ya 4: Kuwaingiza

Zima taa. Acha mfuko waliokuja nao uelee juu ya maji dakika 20 ili joto lilingane. Kama wamesafiri saa nyingi, usiufungue mfuko kisha ukaanza kuongeza maji polepole kwa saa nzima. Ukishafunguliwa, hewa ya ukaa hutoka, pH ya maji ya mfuko hupanda, na amonia iliyokusanyika njiani hugeuka sumu. Fungua, wahamishe kwa wavu laini, maji ya mfuko yamwage nje.

Hatua ya 5: Kila siku

Midomo yao ni midogo. Wape artemia au dafnia (vijidudu vya majini), au punje ndogo sana, kidogo kidogo mara tatu kwa siku. Nyama ya ng'ombe usiwape kabisa.

Asubuhi washa kwanza taa ya chumba, subiri dakika kumi, ndipo uwashe ya tangi. Usiku fuata mpangilio wa kinyume. Kila wiki badilisha robo ya maji, kwa maji yaliyotolewa klorini na yenye joto lile lile.

Umeme ukikatika, washa pampu ya hewa ya betri na usiwalishe. Filta ya nje ikizimika kwa saa nyingi, isuuze kwa maji ya tangi kabla ya kuiwasha tena, la sivyo itamwaga maji yaliyooza juu ya samaki wako.

Hatua ya 6: Wakizaana

Kundi likishazoea, dume atatetemeka mbele ya jike. Jike hutaga yai maji ya katikati, akageuka kulidaka kwa mdomo kabla halijazama, na huyatunza mayai humo mdomoni. Ukimwona koo limetuna na hataki kula, mwache; ukimkimbiza na wavu atayatema. Baada ya wiki tatu hivi atawaachia vifaranga wachache, nao hujikusanya juu kabisa, chini ya uso wa maji. Kundi likishiba, vifaranga wengi husalimika humo humo.