Kabla hujaomba nakala ya awali, jua utachelewaje

Mwaka juzi niliomba nakala za awali za vitabu sita usiku mmoja, zile ambazo wachapishaji huwapa wahakiki bure kabla kitabu hakijatoka ili wakitolee maoni. Majalada yalinivutia, nikajiambia wakinikubalia viwili nitashukuru. Walikubali vyote sita, na vinne kati yake vilikuwa vinatoka Jumanne moja, kwa sababu Marekani vitabu vipya vingi hutoka Jumanne. Nilihakiki viwili kwa wakati. Kwa hiyo, ukikaa kuomba, hesabu kana kwamba utakubaliwa kila kitu, kisha utazame wiki zako zilivyo kweli: mitihani, harusi ya binamu, mwisho wa mwezi kazini.

Tarehe ndizo zinazowaponza wengi. Kwenye tovuti ya NetGalley, ambako wasomaji wengi wa nakala za awali hupata vitabu, kuna siku ya kitabu kutoka na kuna siku kinapoondolewa kwenye orodha. Ikipita hiyo ya pili huwezi tena kukipakua, hata kama ulishakubaliwa. Kwa hiyo pakua siku ileile unayopata ruhusa. Lakini hapo nako pana mtego: faili lenye ulinzi dhidi ya kunakiliwa, lile la kusomea kwenye programu ya Adobe Digital Editions, hujifunga siku 55 baada ya kulipakua. Mimi lilinifungia nikiwa nimebakiza sura tatu, muuaji hajajulikana. Siku hizi tarehe zote tatu naziandika kwa kalamu kwenye kalenda ya ukutani jikoni, ile ya bure ya duka la dawa, na ya kumaliza kusoma naiweka siku kumi kabla ya kitabu kutoka. Siku kumi hizo si za kusoma. Ni za umeme kukatika na mtoto kupata homa.

Jua pia uwiano wako umesimama wapi. NetGalley hupendekeza asilimia 80, yaani katika vitabu kumi ulivyopewa uwe umetolea maoni vinane, na mchapishaji huiona namba hiyo anapoamua akupe au akunyime. Mgeni mwenye vitabu viwili akiacha kimoja tayari yuko 50. Ukishaporomoka, omba vitabu vifupi, vya watoto au mashairi, ujipandishe taratibu. Wapo wanaoona ni ujanja. Mimi naona ni kulipa deni kwa sarafu ndogondogo.

Barua ya kuomba radhi iandike sasa, ungali na akili timamu. Ukiisubiri siku ya kuchelewa utaandika kurasa mbili za ugonjwa na mvua, na anayeipokea ana barua nyingine mia. Yangu ina sentensi tatu: uhakiki hautakuwa tayari siku ya kutoka, nimefika nusu ya kitabu, nitautuma tarehe fulani. Tarehe hiyo isogeze mbele kuliko unavyodhani, maana kuchelewa mara ya pili hakuna barua yake. Na itume kabla siku haijafika.

Amua mapema utaanza na nani mambo yakibanana. Kitabu cha mwandishi maarufu kitapata wahakiki hata ukinyamaza mwezi mzima. Mwandishi anayejichapishia mwenyewe, aliyekutumia faili kwa mkono wake, anahesabu maoni ya wiki ya kwanza moja moja. Huyo msome kwanza, hata kama kile kingine ndicho unachokitamani.

Ukishachelewa, bado andika. Maoni hupokelewa hata baada ya kitabu kutoka, na msomaji anayekuta uhakiki wako dukani mtandaoni hajali ulikuja Jumanne ipi. Taja kwamba nakala ulipewa bure, na kama umenukuu, linganisha na kitabu kilichokwisha kuchapwa, kwa kuwa nakala ya awali haijasahihishwa na sentensi uliyoipenda huenda imefutwa. Kitabu kikikushinda kabisa, usihakiki kurasa arobaini ukajifanya umemaliza. NetGalley ina sehemu ya kusema hutatoa maoni. Itumie, na andika sababu kwa mstari mmoja. Mara ya mwisho niliandika: "Nimekwama sura ya tano, kosa si la kitabu." Mchapishaji yule alinikubalia tena miezi miwili baadaye.