SOMO: Mkulima kwenda kutembea Usambara na begi mgongoni baada ya mavuno

Wakuu, kila mahindi yakiingia ndani naulizwa yale yale: unapita wapi, na nyumbani unamwachia nani? Naandika mara moja. Atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

1. Wakati: ukishapukuchua, kabla ya kuandaa shamba la vuli. Kwetu Handeni ni kuanzia Agosti.

2. Begi: dogo. Sweta zito (Lushoto Agosti ni baridi kweli), koti la mvua, tochi, viatu ambavyo mguu umeshavizoea.

3. Ghala. Safari nyingi zinaharibikia hapa, mtu yuko mlimani huku dumuzi, mdudu wa mahindi, anakula. Usiondoke mahindi yakiwa bado yameanikwa. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi na vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikisa, acha itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Ukiyafunga hivyo yataota ukungu, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupika. Yakikauka, tia kwenye mifuko ya tabaka tatu, kamua hewa, funga kila tabaka peke yake, panga juu ya mbao mbali na ukuta. Halafu acha debe la kula NJE ya mifuko hiyo. Usipoacha, wa nyumbani atafungua mmoja, hewa itaingia, na wadudu waliokuwa wanakufa watapata pumzi.

4. Gari hadi Mombo, kisha panda Lushoto kupitia Soni, kama kilomita 33 za kona.

5. Kwa miguu: Lushoto, msitu wa Magamba (lipia kibali, chukua mwongozaji), Rangwi kwa masista wenye nyumba ya wageni, hadi Mtae. Pale mlima unakatika ghafla na hifadhi ya Mkomazi iko chini yako.

MASWALI

– Mkuu, jumla shilingi ngapi?
Nauli zinabadilika. Uliza stendi.

– Mahindi yangu yana unyevu kidogo tu, naweza kwenda?
Soma namba 3. Polepole.

– Kwa nini ujisumbue na mifuko? Weka vidonge vya kufukiza, ondoka.
Ghala la wengi wetu ni chumba cha pili, na watoto wamelala cha kwanza. Gesi inayotoka kwenye vidonge vile inaua watu. Sibishani hapa.

– Mimi nina ng'ombe wa maziwa.
Mkamuaji aanze wiki nzima kabla, wewe ukiwa pembeni. Ng'ombe asipomzoea atabana maziwa.

– Ile miteremko wanalimaje udongo usishuke?
Swali zuri. Angalia kingo za matuta: wamepanda majani ya guatemala kukingama na mteremko. Mizizi inashika udongo, majani yanakatwa kulisha ng'ombe wa zizini. Mwombe mwenye shamba akuonyeshe, Wasambaa hawana hiyana na mtu aliyeshika jembe. Ukipewa vipandikizi, vifunge kwenye gunia bichi, ukifika panda siku hiyo hiyo.

– Naongezea: chumvi ya kupimia ikaangwe kwanza. Yenye unyevu itanata hata kwa mahindi makavu.
Kweli kabisa. Na iache ipoe kabla ya kuitia kwenye chupa.