SOMO: Kucheza gemu senta za Japani bila kuliwa hela

Wakuu, kila anayekata tiketi ya Tokyo ananifuata inbox na maswali yaleyale. Naweka hapa mara moja. Ukiniuliza tena nakutumia hii hii.

1. Pa kuanzia: Akihabara, mtaa wa Tokyo. Senta za GiGO ndizo zilizokuwa za Sega, usihangaike kutafuta bango la zamani. Wapenzi wa gemu za kale nendeni senta ya Hey hapo hapo, au ya Mikado kule Takadanobaba.

2. Chenji. Mashine nyingi zinakula sarafu ya yeni 100. Mashine ya chenji inapokea noti ya 1,000. Gemu nyingi siku hizi zinakubali pia kadi ya treni, Suica.

3. Mashine za kunyakua midoli. Soma polepole, hapa ndipo nilipoliwa. Zile zenye kucha tatu, nguvu ya kubana inapangwa na wenye duka. Mara nyingi kucha zinalegea makusudi mpaka mashine imeze kiasi fulani. Utaona mdoli unapanda mpaka juu kabisa, halafu pwaa! Unajisemea "bado kidogo" na kutia nyingine. Si bado kidogo, ndivyo ilivyotegwa. Anza na za kucha mbili, boksi la zawadi likiwa limelazwa juu ya vyuma viwili. Hapo hunyanyui: unaligeuza kona hii, kisha kona ile, mpaka lipenye katikati. Tazama kwanza mwingine anavyocheza. Ukikwama, mwite mfanyakazi: "sumimasen" (samahani). Atafungua kioo na kulirudisha boksi mahali pake, pengine akuonyeshe pa kulenga. Usione aibu, ni kazi yake. Na penye tangazo la michezo 6 kwa yeni 500, tumbukiza sarafu moja ya 500, si mia mia tano.

4. Gemu za mapigano. Mashine zimeunganishwa mbili mbili, zimepeana mgongo. Ukitia sarafu upande wa pili, umeshamchokoza aliyekaa kule. Ukipigwa na kuna foleni, inuka.

5. Medali, yaani vile visarafu vya kuchezea baadhi ya mashine, hazibadilishwi kuwa hela wala hazitoki nje ya jengo.

MASWALI

Kaka Mbezi: Mkuu, nikishinda medali nyingi nabadilishia wapi?
— Namba 5.

Mzee wa Fursa: Taja mashine moja ya uhakika, nisipoteze muda kusoma.
— Haipo. Ungesoma ungejua.

Mama Nasra: Shikamoo mwalimu. Nakuja na kijana wa miaka 14, ataruhusiwa jioni?
— Marahaba, mama. Kwa Tokyo, walio chini ya miaka 16 wakiwa peke yao mwisho saa 12 jioni. Akiwa na wewe, mpaka saa 4 usiku. Baada ya hapo hata wa miaka 17 anatolewa, mzazi awepo asiwepo. Mtembeze pia kwenye vibanda vya picha za stika, ila wanaume wasioongozana na mwanamke mara nyingi hawaruhusiwi sehemu hiyo. Mkiingia pamoja hakuna shida.

Chura Kiziwi: Nimeona watu wanagusisha kadi kwenye gemu za muziki. Ya malipo?
— Swali zuri. Ni ya kutunza alama zako. Zamani kila kampuni ilikuwa na yake: Aime, Banapassport, e-amusement pass. Tangu 2018 zinasomana, tafuta nembo ya Amusement IC, ukiwa na moja inatosha. Ukicheza maimai, gemu ya muziki ya kugusa kioo, vaa glavu za kitambaa, maana unasugua kioo kwa viganja na ngozi inawaka. Kwenye ngoma za Taiko no Tatsujin utakuta wazoefu wametoka na fimbo zao nyumbani.

Kaka Mbezi: Hizo glavu wanagawa bure?
— Nunua duka lolote la yeni 100.

Chura Kiziwi: Na kama nataka zile sanamu za zawadi tu, kucheza sina habari nako?
— Nenda maduka ya mtumba hapo hapo Akihabara. Zilezile zilizonyakuliwa jana zimepangwa kwenye kabati, na boksi lililobonyea kona huuzwa rahisi zaidi. Kagua vidole na nywele kabla hujalipa, ndivyo vinavyovunjika kwanza.