Mutoto amepewa eksipoze juu ya Vanuatu? Muanzie ku Nyiragongo

Wazazi na wakubwa wa nyumba, wiki hii mutoto wa dada yangu alirudi kutoka masomo na jina Vanuatu ku kikaratasi, ni inchi ya visiwa, eksipoze ya jiografia, na kitu ya kwanza alifanya ni kukopi ku telefone chiffres zote aliona, superficie, population, franga yao, paka ivo, kisha anasoma kama mutu anasoma bei ya soko. Nikamuambia acha kwanza. Mutoto wa Goma ana bahati na ile inchi, juu vitu vya maana vya kule anavijua tayari hata kama hajaona bahari siku moja.

Muanze na moto. Sisi hapa tunaona volkano yetu Nyiragongo kila usiku yenye hakuna mawingu, tunajua 2002 lave ilipita katikati ya muji mpaka ku ziwa, tunajua tarehe 22 mwezi wa tano 2021 yenye ililipuka tena. Basi mutoto aseme ivi: ku kisiwa cha Ambrym kulikuwa pia lave inachemka ndani ya mulima, kama yetu, mpaka mwezi wa 12 mwaka 2018 ikashuka chini ikapotea. Ku kisiwa cha Tanna kuko Yasur, mulima mudogo sana, metre 361 tu, lakini inatupa moto bila kupumzika tangu zamani, James Cook aliona mwangaza wake kutoka ku bateau yake 1774. Na ku Ambae, 2017, serikali iliondoa watu wote wa kisiwa, karibu 11.000, wakavuka na mashua kwenda visiwa vingine. Hapa asimame kidogo, aulize kilasi nani alikimbia Sake ao Gisenyi ile 2021. Wote watasikiliza, mutaona.

Lakini asichanganye sababu, mwalimu muzuri ataulizia pale. Huku kwetu udongo unapasuka na kuachana, ni rift. Kule ni kinyume, kipande cha udongo cha upande wa Australia kinaingia chini ya kingine, njo maana iko volkano na tetemeko nyingi pamoja. Tetemeko ya tarehe 17 mwezi wa 12 mwaka 2024, ya nguvu 7,3, iliangusha nyumba katikati ya Port Vila, muji mukubwa wao, na watu walikufa.

Karte ni rahisi: achore Y kubwa ku tablo. Visiwa ni karibu 83 katika ile Y, mashariki ya Australia, ukiviweka pamoja udongo wake ni kilometre carré 12.200 hivi, kumaanisha Nord-Kivu inakula Vanuatu karibu mara tano. Watu ni kama 300.000, Goma peke yake inawapita mbali. Apitishe hapo haraka.

Penye anapaswa kukawia ni ku luga. Ile kikundi kidogo ya watu ina luga zaidi ya mia moja! Hakuna inchi ingine duniani yenye luga nyingi vile ukilinganisha na hesabu ya watu. Sasa wanasikilizanaje? Na Bislama, luga yao ya pamoja, maneno mingi imetoka ku Kiingereza lakini namna ya kupanga ni ya kwao. Mfano wenye watoto wanapenda: wakisema yumi ni sisi pamoja na wewe mwenye unasikiliza, wakisema mifala ni sisi lakini wewe hapana. Kiswahili chetu hakina ile. Na mutoto aseme wazi luga ilizaliwa wapi, juu ni historia ya machozi: kuanzia miaka ya 1860 wazungu walibeba watu wa visiwa, wengine kwa uongo, wengine kwa nguvu, kwenda kukata miwa Queensland, na watu wa luga mbalimbali wakalazimika kutafuta namna ya kuongea. Wengi hawakurudi. Tafazali musiiruke hiyo.

Ukoloni wao nao si kama wetu wa mubeleji mumoja. Kutoka 1906 Ufaransa na Uingereza walitawala pamoja, polisi mbili, sheria mbili, gereza mbili, na mwenye inchi hakuwa raia wa yeyote. Uhuru ni tarehe 30 mwezi wa saba 1980, waziri mukuu wa kwanza Walter Lini, alikuwa padiri wa Anglikana. Mwaka ule ule Jimmy Stevens alitaka kukata kisiwa cha Espiritu Santo kiwe inchi yake, basi aseme tu "kama Katanga ya Tshombe 1960", kilasi yote itaelewa bila maelezo, kisha aongeze kwamba ni askari wa Papua New Guinea njo walikuja kumaliza ile mambo.

Kitu moja ninakataza kabisa: picha za watu wanaruka kutoka ku munara wa miti ku kisiwa cha Pentecost, kamba ya miti imefungwa ku miguu, halafu kilasi inacheka kwamba ni washenzi. Ile ni desturi ya mavuno ya viazi vikuu, hawaruke ovyo, kamba inachaguliwa kufuatana na uzito wa mutu na wakati ambapo ingali na maji ndani. Kama mutoto hawezi kuieleza ivo, aiache.

Na jina la waziri mukuu wa leo aliandike asubuhi ya eksipoze, si mbele, juu bunge yao inawabadilisha mara kwa mara.